Kibati Chini ya Boneti

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Mthamini wa mnada aliinua boneti upande wa kushoto, akainama na kioo chake cha kukuzia. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko mtu aliyeridhika.

Fundi alikuwa amesimama hatua tano nyuma yake. Alivaa koti la kahawia, lile la kuendea harusini, na mikono ameiweka mgongoni isije ikaligusa gari ikaacha alama. Kando yake alisimama binti yake, mpaka rangi wa karakana, ameshika ndoo ya maji isiyokuwa na kazi tena. Gari lilikuwa safi tangu jana.

Mthamini alishika ncha ya tai yake, akafutia kioo, akatazama tena.

"Fundi," alisema bila kugeuka. "Kibati hiki si cha gari hili. Kimetengenezwa juzijuzi."

"Haiwezekani."

"Shaba mpya. Kingo bado kali. Namba imegongwa kwa patasi ya siku hizi." Akashusha boneti taratibu, akatoa utepe mwekundu begini na kuubandika juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Asiiguse mtu. Hasa mtu wa humu ndani."

Lilikuwa gari la safari, la watu sita, lililoundwa enzi ambazo barabara zilikuwa bado mali ya farasi. Taa zake za shaba zilikuwa kubwa kama sufuria, magurudumu yalikuwa na spoki za mbao, na paa la turubai lilikunjwa nyuma kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Fundi alilikuta ghalani, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Miaka saba alilitengeneza. Leo saa nne asubuhi wanunuzi sita, wakusanyaji wa magari ya kale, walikuwa waje kulitazama na kutaja bei.

Na kwa watu hao, gari la namna hii ni kile kibati: kipande cha shaba kisichozidi kiganja, kilichofungwa kwa skrubu nne kwenye ukuta kati ya injini na abiria, kikiwa na namba ya kiwandani. Kibati kikiwa halisi, gari ni halisi. Kikiwa cha kughushi, gari lote ni la kuigiza, na aliyelitengeneza ni tapeli.

"Saa nne nitalazimika kuwaambia," Mthamini alisema. "Pole sana. Afadhali tuliondoe kabla hawajafika. Nilipeleke kwangu likachunguzwe vizuri."

"Miaka arobaini," Fundi alisema. Sauti ilikuwa ya chini. "Miaka arobaini sijamkabidhi mtu uongo."

Binti aliweka ndoo chini, akaenda kupiga simu polisi.

*

Inspekta alifika saa mbili kasoro dakika kumi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Alilizunguka gari mara moja, kisha akainama kwenye mlango wa nyuma.

"Nani alipaka hii?"

"Mimi, Afande," Binti alijibu akitazama viatu vyake. "Mikono kumi na minne. Kila mkono nasugua, nangoja, napaka tena."

"Naona mpaka kifungo changu kilicholegea."

Binti alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka kilichotokea, tabasamu likaondoka.

Inspekta alibandua utepe, akawataka wote warudi nyuma, akamulika kwa tochi. Kibati kilimetameta mno. Skrubu zake nne zilikuwa na vichwa vya zamani, vyenye mstari mmoja wa kuingizia bisibisi. Mistari yote minne ilikuwa imelala sawasawa, kama watoto wanne mkekani.

"Umeona?" Mthamini alikuwa amesogea begani kwake. "Zimelala zote. Hiyo ndiyo desturi ya karakana hii, Fundi haruhusu skrubu isimame. Nimeiandika hata kwenye kijitabu cha mnada, ukurasa wa pili. Fundi wa mtaani hukaza akaondoka zake. Aliyebadilisha kibati hiki ana mkono wa humu ndani."

"Jana ulikikagua?"

"Jana saa kumi na moja. Kilikuwa chenyewe, halisi."

"Na skrubu?"

"Zimelala. Zote nne, kama unavyoziona."

"Hilo utaliandika na kutia sahihi?"

"Kwa mikono miwili."

Akaandika, akatia sahihi. Inspekta aliikunja karatasi, kisha akapiga magoti kwenye zulia lililotandikwa kwa ajili ya wanunuzi na kumulika chini ya injini, kwenye sinia la bati linalokinga matope. Sinia lilikuwa safi kiasi cha kupakulia chakula. Katikati yake kulikuwa na kitu kimoja tu: pete ya shaba nyekundu, nyembamba kama karatasi, isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Aliichukua kwa kibano, akaitia kwenye bahasha, akaandika: *saa mbili na dakika tano.*

*

Ofisi ya Fundi ilikuwa chumba chenye meza moja na ukuta uliochorwa umbo la kila spana, ili isiyorudi ijulikane. Inspekta aliwaita mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Mlinzi, mtu mzima mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

"Jana nani alikaa na gari peke yake?"

"Watatu, Afande, ukinihesabu na mimi." Alifungua kitabu cha geti. "Bwana Mthamini aliingia saa kumi na nusu. Saa kumi na moja Fundi akaitwa kwenye simu, Binti akaenda kuosha brashi. Bwana Mthamini akabaki na gari mpaka saa kumi na moja na dakika ishirini. Na dakika ishirini na tano akatoka. Halafu Grisi."

"Grisi ni nani?"

"Mpwa wa Fundi. Hilo jina alipewa humu, la kwao nimeshalisahau. Yeye aling'arisha taa peke yake kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi kumi na mbili kamili. Kisha nikafunga, ufunguo nikalala nao shingoni. Kwa hiyo mimi ndiye mwenye muda mrefu kuliko wote. Niandike."

"Nimekuandika. Wanaotoka unawapekua?"

"Wote. Fundi mwenyewe namgeuza mifuko. Mwaka juzi shaba za humu zilikuwa zinatembea zenyewe, toka hapo hatoki mtu na hata nati."

"Jana Mthamini alitoka na nini?"

"Makaratasi, futi ya kupimia, kioo chake kwenye kikasha. Nilifungua kila kitu, kwa heshima. Grisi alitoka na mikono mitupu na njaa."

"Na wanaoingia?"

Mlinzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Anayeingia nimpekue ya nini, Afande? Ameshaiba kwao?"

Inspekta aliandika hilo pia.

"Basi hakuna kilichotoka."

"Hakuna. Labda kitoke leo. Jana Bwana Mthamini aliniomba nisiweke minyororo geti la nyuma asubuhi, lori la kubeba gari litafika saa tatu na nusu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Alikuambia jana?"

"Jana, akitoka."

*

Grisi aliingia akifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana.

"Nimeambiwa mwezi wa pili uliondoka hapa kwa hasira."

"Niliondoka kwa miguu, Afande. Hasira ilinifuata nyuma."

"Mligombania nini?"

"Nilitaka gari liwe na kiwashio cha umeme, ufunguo tu, basi. Mjomba akasema ni la kuwashwa kwa hendeli ya kuzungushwa kwa mkono na litabaki la hendeli. Akaniuliza, 'Ungemng'oa babu yako meno mazima umtie ya plastiki?' Mbele ya watu. Nikachukua koti langu."

"Kwa nini ulirudi jana?"

Grisi alikunjua kitambaa, akakikunja tena. "Binti alinipigia. Akasema taa zinahitaji mkono wangu. Taa hazikuhitaji kitu, zilikuwa zinawaka kama jua. Nilijua ananiita nyumbani."

"Watu watasema ulirudi kulipiza."

"Wameshasema. Nimewasikia pale nje."

Inspekta alisukuma karatasi tupu mbele yake. "Hujakiona kibati asubuhi hii?"

"Boneti imebandikwa utepe, tumefukuzwa wote."

"Nichoree jinsi mlivyokifunga. Kibati na skrubu zake."

Grisi alishika kalamu. Alichora mstatili, akachora duara nne kwenye pembe. Kwenye tatu alivuta mstari uliolala. Kwenye ya nne, kulia chini, alivuta mstari uliosimama.

"Hii umekosea?"

"Sijakosea."

"Kwa nini imesimama?"

"Muulize Mjomba. Si yangu kusimulia."

Grisi alipotoka, Inspekta alimwita Binti, akampa karatasi nyingine na kumwomba achore kitu kilekile. Binti alichora haraka, kwa mkono wa mtu aliyezoea brashi. Tatu zimelala, moja imesimama. Kulia, chini. Alipomaliza aliigusa ile ya nne kwa ncha ya kidole.

*

Fundi aliketi ukingoni mwa kiti chake mwenyewe kama mgeni. Inspekta alimwekea mezani pete ya shaba nyekundu.

Mzee aliisogeza karibu na macho. "Hii niliikata kwa mikono yangu. Umeitoa wapi?"

"Kwenye sinia, chini ya injini. Ni ya nini, Mzee wangu?"

Ukutani spana zote zilikuwa mahali pake.

"Mke wangu ndiye alikuwa mshonaji wa viti humu," alisema hatimaye. "Viti vile vyote ni vyake, miaka miwili, sindano kwa sindano. Mwezi wa kwanza alikuwa ameshaanza kuumwa sana. Nikamwambia, njoo ukifunge kibati wewe, maana kibati ndicho kinalipa gari jina. Tukamwekea kigoda. Grisi akashika tochi, Binti akamshika mgongo. Skrubu tatu alizikaza mpaka zikalala. Ya nne mkono ukamkatalia katikati. Mstari ukabaki wima."

"Ukataka kumalizia."

"Nilishachukua bisibisi. Akanishika mkono. Akasema, 'Iache. Na mimi nionekane.'" Fundi aliisogeza ile pete kidogo kwa kidole. "Ila skrubu isiyokaza hulegea gari likitembea. Akiwa amepumzika nikakata hii, nikaitia chini ya kichwa cha skrubu, ikakaza vilevile imesimama. Mwezi wa nne akatutoka. Hakuna aliyeigusa tena."

"Mthamini alianza kuja lini?"

"Mwezi wa tano."

"Ulimsimulia?"

"Jambo la nyumbani kwangu nimsimulie mtu wa mnada?" Alinyanyua uso. "Afande, sasa imesimama au imelala?"

"Imelala, Mzee wangu."

Fundi alifumba macho. Lakini alipoyafumbua mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Basi si mtu wangu," alisema. "Hata mwenye hasira nami. Mikono ya humu isingeilaza ile."

*

Saa tatu na nusu lori lilipiga honi geti la nyuma. Inspekta alimwambia Mlinzi amkaribishe dereva kiti na gazeti, na minyororo airudishe. Saa nne kasoro dakika tano wanunuzi sita walikuwa ukumbini mwa karakana, wakilizunguka gari kwa hatua za watu walio msibani. Walishasikia. Mmoja wao, bibi mrefu mwenye fimbo, hakuzunguka. Alisimama mbele ya taa za shaba akazitazama tu.

"Wapendwa," Mthamini alianza, "kwa masikitiko..."

"Subiri kidogo," Inspekta alisema. "Kwanza nataka kumuuliza Grisi jambo. Wewe unalijua gari hili hadi mifupa. Kitu cha ukubwa wa kiganja kingefichwa wapi?"

Grisi alifikiri. "Kuna sanduku la vifaa, hapo kwenye ubao wa kukanyagia. Lakini Mjomba hulifungua kila asubuhi. Mifuko ya milango ni ya wazi. Ningekuwa mimi, chini ya kiti cha nyuma. Kile kinanyanyuka, na hakuna anayekinyanyua."

"Hii ni michezo," Mthamini alisema. "Mwizi aibe kibati akiache humo humo garini?"

"Kama hawezi kutoka nacho getini, ndiyo. Anakiacha, halafu analitoa gari lenyewe. Gari halipekuliwi." Inspekta alifungua daftari. "Asubuhi hii umeomba gari lipelekwe kwako. Ulikuwa ndiyo kwanza umegundua kosa. Lakini lori la kulibeba uliliagiza jana jioni."

"Lori lilikuwa la mnunuzi."

"Mnunuzi yupi? Bei bado haijatajwa."

Bibi mwenye fimbo aligeuka kutoka kwenye taa. Wengine nao wakaacha kuzunguka.

Inspekta alimpa yule bibi karatasi tatu. "Mama, nisaidie kusoma. Hii ya kwanza Mthamini ameiandika na kutia sahihi."

Bibi alivaa miwani. "'Jana saa kumi na moja nilikikagua kibati halisi. Skrubu zote nne zilikuwa zimelala.'"

"Na michoro hiyo miwili, mmoja wa Grisi na mmoja wa Binti. Kila mmoja alichora peke yake."

"Tatu zimelala. Moja imesimama. Yote miwili."

"Fundi naye kasema hivyohivyo, na washa, ile pete ya shaba aliyoikata kuizuia ile skrubu isilegee, nimeiokota chini ya injini. Tangu mwezi wa kwanza skrubu hiyo haijawahi kulala." Inspekta alimgeukia Mthamini. Sauti yake haikupanda. "Aliyebadilisha kibati aliijua desturi ya karakana, akaifuata kwa uangalifu, ili tuseme ni mkono wa humu ndani. Washa ikamdondoka hata asijue. Lakini watu wa humu ndani wanajua skrubu moja haifuati desturi. Mtu ambaye angeilaza ni yule aliyeijua karakana hii kwa kuiandika tu. Ukurasa wa pili."

Mthamini alishika ncha ya tai yake, kisha akaiachia.

"Tena nimejiuliza tangu asubuhi. Kioo cha thamani vile, chenye kikasha chake, kwa nini unakifutia tai? Binti, tunyanyulie kiti."

Binti alipanda garini. Alikishika kiti alichoshona mama yake kama anavyoshikwa mtoto aliyelala, akakinyanyua. Chini yake kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa laini cha manjano, kile cha kufutia lenzi. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kibati cha shaba kilichochakaa kingo, chenye doa moja jeusi pembeni na namba iliyofifia.

Fundi alikipokea kwa viganja viwili.

"Ninalo gari jingine," Mthamini alisema. Alikuwa ameketi kwenye ubao wa kukanyagia bila kualikwa, na hakuna aliyemkataza. "Kama hili hili. Nimelijenga miaka kumi na miwili, peke yangu, uani kwangu. Kila spoki nimeichonga. Ila halina kibati, na bila kibati watu hunicheka. Mwezi wa tano nilipoliona hili nikasema, hawa watatengeneza jingine, lakini mimi umri umekwenda. Kwa kibati hiki langu lingekuwa gari. Hili lingekuwa sanamu."

"Na mimi ningekuwa tapeli," Fundi alisema.

"Ulishajipatia jina la kutosha. Nilidhani lingebaki kidogo."

Fundi alimtazama kwa muda. Hasira ilipita usoni mwake, na nyuma yake kikaja kitu kingine kilichomfanya Binti ageuze macho.

"Umechonga spoki mwenyewe?"

"Zote."

"Ungeniita nije kuziona. Ningekuja. Spoki nzuri haihitaji kibati, ningewaambia watu hivyo kwa mdomo wangu, na mdomo wangu walikuwa wanauamini." Akanyanyua mabega. "Sasa huna hata shahidi."

Inspekta alimpeleka Mthamini hadi ofisini, akamkabidhi kwa konstebo aliyekuja naye. Aliporudi, kibati cha kughushi kilikuwa kimeshafunguliwa, na Fundi alikuwa amempa Grisi bisibisi.

"Macho yangu yamechoka leo. Funga wewe."

Grisi alivua saa, akaiweka mfukoni, akainama. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikalala. Alipofika ya nne aliichomeka ile washa nyekundu kwa ncha ya kucha, akakaza polepole, akasimamisha mkono pale pale ambapo mkono mwingine ulikuwa umesimama.

"Hapo, Mjomba?"

"Hapo hapo."

Bibi mwenye fimbo aliinama karibu. "Hii moja haijakaza."

"Imekaza, Mama," Binti alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama viatu vyake. "Imesimama tu. Ni ya mama yangu."

Fundi alikwenda usukanini, akarudisha nyuma wenzo wa cheche ili hendeli isimrudie mwashaji, akamwashiria Grisi. Grisi alishika hendeli mbele ya gari, dole gumba upande mmoja na vidole vingine kama alivyofundishwa, akazungusha mara moja. Injini ilikohoa, ikatulia, ikaanza kunguruma taratibu, sauti nzito iliyojaa ukumbi mpaka spana zikatikisika ukutani kule ofisini.

"Bila umeme," Fundi alisema.

"Nimesikia, Mjomba."

Inspekta aliandika: *saa nne na dakika arobaini, linawaka.* Haikuhusu kesi, lakini aliandika.

Gari lilinunuliwa na yule bibi. Kwenye hati ya mauzo, chini ya namba na rangi na idadi ya viti, aliongeza mstari kwa kalamu yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi: kwamba mnunuzi, na yeyote atakayelimiliki baada yake, hataigusa skrubu ya kulia chini.